Uzi: Nimetengeneza maabara ndani ya kipande cha plastiki hapa Mbeya. Kuchonga siku moja, kufunga kifuniko miezi minne

#1 Mchonga Mifereji

Wakuu, habari za jioni. Baridi ya huku Iyunga imenifungia ndani, basi acha niulete uzi niliowaahidi tangu mwezi wa tano kwenye ule mjadala wa maji ya visima.

Kwa wageni: mimi ni fundi maabara kwenye chuo kimoja hapa mjini. Kazi yangu ya mchana ni kuosha bika, kuandaa miyeyusho na kuwagombeza wanafunzi. Ya usiku ndiyo hii ninayotaka kuisimulia.

Ninachotengeneza kinaitwa chipu ya maji. Ni kipande cha plastiki chenye ukubwa wa slaidi ya hadubini, ndani yake kuna vimifereji. Unaweka tone la sampuli upande huu na tone la kitendanishi (dawa ya kupimia) upande ule, vinakutana njiani, vinachanganyika, rangi inatokea, unasoma. Hakuna bika wala pipeti.

Upana wa mifereji ya namna hii ni kuanzia mikroni 10 hadi mia kadhaa (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Unywele wako una kama mikroni 70. Mfereji wenye upana wa mikroni 100, kina cha mikroni 50 na urefu wa sentimita 2 unabeba mikrolita 0.1 tu (mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita). Tone moja la kitoneshi ni kama mikrolita 50, kwa hiyo tone hilo lingeujaza mara 500.

Faida si kubana dawa peke yake, ni muda pia. Molekuli ndogo ndani ya maji yaliyotulia inasambaa mikroni 100 kwa sekunde kama 5. Umbali wa sentimita 1 unaichukua karibu saa 14. Umbali ukizidi mara 100, muda unazidi mara 10,000. Ndiyo maana kazi inayokokota kwenye chupa inakwisha upesi kwenye mfereji.

Mimi napima naitraiti, chumvi ya naitrojeni inayotokana na uchafu kama wa vyoo, kwenye maji ya visima. Mtaani kwetu kisima na choo cha shimo vinapakana kama ndugu. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 3 za naitraiti kwa lita, na 50 za naitreti, ndugu yake. Wanaoumia kwanza ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, kwa sababu naitraiti inaiharibu damu isibebe oksijeni.

Nikirudi naendelea, kuna mtu anagonga geti.

#2 Kiazi Mviringo

Nipo siti ya mbele na mahindi yangu ya kuchoma.

Ila mkuu, chipu? Ndiyo zile walizosema zimo kwenye chanjo?

#3 Mchonga Mifereji

Kiazi, hii haina umeme, haina betri, haimjui mkeo. Ni mfereji wa maji tu, tofauti na ule wa shambani kwako Uporoto ni ukubwa.

#4 Kiazi Mviringo

Mfereji wa shambani kwangu una chura. Endelea.

#5 Kidato cha Sita

Mwalimu wetu alisema maabara za namna hii wanatengeneza kwenye silikoni kama ya kompyuta. Mbona wewe unasema plastiki?

#6 Mchonga Mifereji

Mwalimu yuko sahihi kwa zamani. Stephen Terry na wenzake pale Stanford walitengeneza kifaa cha kuchambua gesi juu ya kisahani cha silikoni mwaka 1979. Mwaka 1990 Andreas Manz akaandika wazo la kuweka mlolongo mzima wa uchambuzi kwenye kifaa kimoja kidogo. Kazi za mwanzo zilikuwa za silikoni na kioo, yaani vyumba visivyo na vumbi, asidi inayokula kioo, na fedha ya kununua basi.

Polima, yaani plastiki na mipira, ndizo zilizofungua mlango. Mwaka 1998 kundi la George Whitesides kule Harvard lilionyesha njia ya haraka: unatengeneza umbo la nundu mara moja, unalimiminia mpira wa majimaji, unaugandisha, unaubandua kama kitumbua kwenye kikaango. Umbo lile lile linatoa nakala nyingine na nyingine.

Mpira huo ni polidimethilisiloksani. Nitauita PDMS kama wenyewe, vinginevyo tutalala hapa. Nilianza nao, na ulinitia adabu.

PDMS inayosifiwa zaidi ni Sylgard 184. Inakuja katika makopo mawili, unachanganya sehemu 10 kwa 1. Mimi nilipata kiasi kidogo kutoka kwa mtu aliyebakiza baada ya utafiti wake, maana bei ya kopo zima ukijumlisha usafiri ilinikata stimu. Ukikoroga unajaa mapovu kama togwa, lazima uyavute kwa pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa. Pampu yangu ni kompresa ya friji bovu niliyoitoa kwa mafundi Mwanjelwa, nikaipachika geji.

Hapo nikapoteza wiki. Geji ikifika 0.8 chini ya sifuri inagoma. Video zote wanafika karibu na 1. Nikabadilisha mipira, nikapaka grisi kwenye viungo, nikamrudia fundi na kumwambia ameniuzia mzoga. Mzee wa watu akaapa kwa mama yake.

Kompresa ilikuwa nzima. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani (ndio ile 1), na geji inapima tofauti kati ya ndani na nje. Hata ukitoa hewa yote isibaki hata chembe, geji ya Mbeya haiwezi kuvuka 0.82. Nilirudi kumwomba msamaha na soda mkononi.

#7 Ndizi Tukuyu

Hahaha, ndaga fijo mkuu. Huku maharage yanagoma kuiva kwa sababu hiyo hiyo, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100.

#8 Mchonga Mifereji

Ndiyo hivyo hivyo.

Basi, mapovu yakatoka. Umbo nililitengeneza kwa selotepu: nimebandika tabaka mbili juu ya slaidi, nikakata kwa wembe wa upasuaji, nikabandua zisizotakiwa, ikabaki nundu yenye sura ya mfereji. Nikamimina, nikaacha mezani. Maelezo yanasema saa 48 kwenye joto la kawaida la chumba. Siku ya nne bado linanata kama gundi ya panya. Nikailaumu baridi ya mwezi wa saba.

#9 Dada Slaidi

Kaka, samahani nakukatiza. Nafanya kazi maabara ya hospitali, si mtu wa mambo hayo, ila silikoni ya mpira kama hiyo PDMS yako (si ile ya kompyuta) tunaitumia kwa vitu vingine. Ulivaa glavu gani?

#10 Mchonga Mifereji

Za kawaida dada, zile nyeupe za mpira.

#11 Dada Slaidi

Ndilo kosa lako. Kichocheo cha silikoni ya aina hiyo ni platinamu, na platinamu inauawa na salfa. Glavu za mpira asili zina salfa. Ukigusa kijiti cha kukorogea au slaidi, pale palipoguswa hapagandi hata uweke mwaka. Tumia za naitraili, zile za bluu. Baridi inachelewesha tu, haiui.

#12 Mchonga Mifereji

Dada, ungekuwepo mwezi wa saba ningeokoa gramu 80. Nilikuja kujua baadaye sana, tena kwa kusoma. Nilipobadilisha glavu na kuweka kwenye oveni ya kukaushia vyombo, nyuzi 65, asubuhi nimekuta kipande safi, laini, kinaangaza kama mlenda uliogoma kuvutika.

Na bado nikaiacha PDMS. Sababu ya kwanza ni kifuniko. Inajishika yenyewe kwenye kioo kisafi, ila ukisukuma maji kwa nguvu kidogo inaachia. Ili ishike moja kwa moja unapaswa kuichoma uso kwa plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme) kwa sekunde chache, kisha kuilaza juu ya kioo. Mashine hiyo sina.

Ya pili, inanyonya. Molekuli ndogo zisizopenda maji zinazama kwenye ukuta. Unapima dawa, kumbe sehemu yake imeingia kwenye mpira, na wewe unaandika majibu. Ukipitisha viyeyusho kama toluini au kloroformu inavimba hadi mfereji unafunga. Kwa wanaolea seli ni neema, kwa sababu inapitisha hewa. Kwangu mimi wa visima ni gharama tu.

Ya tatu ndiyo iliyonigeuza. Angalia vifaa vya vipimo ambavyo kweli vimefika zahanati. Ganda lao si PDMS. Ni plastiki ngumu, zinazolainika kwa joto na kumiminwa kwenye moldi kama ndoo na vikombe.

#13 Dada Slaidi

Hapo nakuunga mkono kwa ushahidi wa macho. Kipimo cha haraka cha malaria ni kiganda cha plastiki, ndani kuna utando wa naitroselulosi unaovuta damu wenyewe bila pampu. Mikrolita 5 za damu, dakika 15 hadi 20, unasoma mistari. Na katriji ya GeneXpert, mashine inayopima vinasaba vya kifua kikuu: ukiipasua iliyokwisha tarehe (msifanye hivyo kwa iliyotumika!) unakuta vyumba vidogo vimezunguka bomba la katikati kama la sindano, na chini kuna vali inayozunguka kuchagua chumba kipi kifunguke. Kila kitu plastiki, inatumika mara moja, inatupwa.

Watu wa hapa wajue pia kwamba kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) hapa Mbeya kilikuwa miongoni mwa vilivyokipima kipimo hicho cha GeneXpert mapema kwa wagonjwa, utafiti wake ukachapishwa mwaka 2011. Si mambo ya Ulaya tu.

#14 Mnyalukolo

Kamwene wakuu, nafuatilia kutoka Mafinga. Nimechelewa kidogo kupanda basi la uzi huu. Swali: plastiki ipi sasa?

#15 Mchonga Mifereji

Kamwene. Nimeipenda akriliki, ile ya mabango. Inapitisha mwanga kama kioo, inapatikana, na mabaki yake fundi wa mabango anayatupa. Inaanza kulainika karibu na nyuzi 105. Polikaboneti inavumilia hadi 145 na kidogo, inafaa kwa vipimo vya kupasha DNA moto na kuipoza, lakini leza ya hewa ya ukaa inaiunguza inakuwa ya kahawia. Polistireni ni ya sahani za maabara, nafuu, ila inapasuka.

Leza hiyo ina mwanga wa mikroni 10.6. Jicho halioni, akriliki inaula wote. Mashine ndogo ya wati 40 inachonga mfereji wenye upana na kina cha kama mikroni 200, umbo la V. Nilichora kwenye kompyuta jioni, asubuhi nikampelekea fundi pale Kabwe, dakika sita nikatoka na chipu nne. Elfu tano. Nikajiona nimemaliza.

#16 Mzee wa Bango

Nimeusoma uzi huu kwa sababu kijana wangu kanionyesha. Mimi ni fundi mabango miaka mingi, simjui huyu bwana, ila naomba niseme moja kwa wanaotaka kuiga. Ukipeleka plastiki kwa fundi wa leza, mwambie ni plastiki gani. Ikiwa ni PVC, hakuna fundi mwenye akili atakayeiweka. Inatoa gesi ya asidi, inakula lenzi, inakula reli, inakula mapafu. Watu wanaleta bomba la maji na kusema "nikatie tu kidogo". Hapana.

#17 Mchonga Mifereji

Shikamoo mzee. Hilo ni la kubandika ukutani.

#18 Mzee wa Bango

Marahaba. Na jingine, akriliki yako uliifuta na nini baada ya kukata?

#19 Mchonga Mifereji

Mzee umejuaje!

Spiriti. Nilifuta kwa spiriti ili iwe safi kabla ya kufunga. Ikalia "tss" na nyufa kama utando wa buibui zikatokea pande zote za mfereji mbele ya macho yangu. Chipu nne zote.

#20 Mzee wa Bango

Kila kijana anayeanza kwangu anaharibu bango moja hivyo. Leza inayeyusha ukingo, ukingo ukipoa unajivuta, kunabaki mkazo ndani. Hauonekani. Spiriti ikigusa, mkazo unafunguka kwa nyufa. Ipashe kwanza, nyuzi 80, saa kadhaa kulingana na unene, halafu uiache ipoe ndani ya oveni. Usifungue mlango. Baada ya hapo futa unavyotaka.

#21 Ndizi Tukuyu

Huu uzi una wazee wa maana. Naweka kambi.

#22 Mchonga Mifereji

Sasa kifuniko. Hiki ndicho kilichonileta, na ndicho ambacho video hazionyeshi. Wanachonga, wanakata picha, mara chipu imefungwa na maji ya rangi yanapita na muziki juu. Kule katikati ndiko nilikokaa miezi minne.

Supagluu. Msicheke. Iliingia kwenye mfereji kabla sijafika kona ya pili, kwa sababu mfereji mwembamba unavuta kimiminika chochote, nao haubagui maji na gundi. Mvuke wake ukaacha ukungu mweupe juu.

Selotepu pana. Hii inafanya kazi kweli, kwa siku moja. Ukitaka kuonyesha wanafunzi mikondo miwili ya rangi inavyotembea bega kwa bega bila kuchanganyika, tumia selotepu na usijisumbue zaidi. Kwangu gundi yake iliingia kwenye kitendanishi.

Joto tupu. Nilibana akriliki mbili kwa jiriwa, nikaweka nyuzi 115. Zilishikana hasa, ukizipiga chini zinaruka pamoja. Ila mfereji haupo. Umezama. Plastiki ikilainika inajaza pengo lolote lililo karibu, na pengo lililo karibu ndilo mfereji wako. Kwenye nyuzi 98 haikushika. Kati ya 102 na 107 kuna kidirisha, na oveni yangu inayumba nyuzi 6 kwenda na kurudi. Hesabu mwenyewe.

Kloroformu. Inaunganisha akriliki papo hapo kwa sababu inaiyeyusha. Inayeyusha na mfereji pia, na ini lako likiwa karibu. Nilifanya mara mbili dirisha likiwa wazi nikaacha.

Iliyokubali ni isopropanoli, aina ya spiriti. Kwenye baridi haiigusi akriliki iliyopashwa vizuri, inaifuta tu. Ukiipasha moto ndipo inapoanza kulainisha uso, kidogo sana, na hapo ndipo zinaposhikana. Unaweka matone machache kati ya vipande viwili, unabana, unaingiza kwenye nyuzi 70 kwa dakika 15, kwa chipu kama yangu. Kabla haijapata moto unaivuta ile iliyobaki ndani ya mfereji kwa bomba la sindano, la sivyo italainisha kuta.

Hata hapo, chipu ya kwanza hadi ya kumi na tisa zilivuja. Leza inaacha ukingo ulioinuka pande mbili za mfereji, kama tuta la jembe. Kifuniko kinakaa juu ya matuta mawili, hakigusi uwanda. Nikapiga msasa namba 1200 na maji, taratibu, hadi kucha isisikie kitu. Halafu vumbi. Mwezi wa nane mji huu unapepea. Punje moja tu ya mikroni 50 inakuachia pete za rangi za upinde wa mvua kuizunguka, na kila pete ni mahali pasiposhikana. Siku hizi nafunga chipu bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto, mvuke umelaza vumbi. Mke wangu ameshazoea.

Ya ishirini haikuvuja.

#23 Kiazi Mviringo

Kumi na tisa! Mimi kwenye mke wa kwanza tu nilichoka.

#24 Mnyalukolo

Mkuu, kama lengo ni rangi tu, kwa nini usitumie karatasi? Nilisoma kundi hilo hilo la Harvard lilitengeneza chipu ya karatasi mwaka 2007. Hakuna kifuniko, hakuna pampu, karatasi inanywa yenyewe. Nimejaribu kwa karatasi ya chujio na krayoni za mtoto: unachora ukuta wa nta, unapitisha pasi juu ya gazeti hadi nta ipenye chini. Maji yanapita kwenye njia tu.

#25 Mchonga Mifereji

Naipenda karatasi, sitabishana. Kwa ndiyo-au-hapana ni bora kuliko yangu. Taabu yangu ni namba. Rangi kwenye karatasi inakimbilia kingoni inapokauka, katikati panabaki pamepauka, na simu ninayosomea rangi inashindwa kujua isome wapi. Ila kama una njia nyingine, fungua uzi wako, tutakuja.

#26 Ndizi Tukuyu

Mimi nilijaribu ile ya polistireni inayosinyaa. Michelle Khine na wenzake kule California walichapisha mistari kwa printa ya leza kwenye karatasi za plastiki za kuchezea watoto, wakaziweka kwenye oveni, zikasinyaa hadi zaidi kidogo ya theluthi moja ya upana, na wino ukanyanyuka ukawa nundu. Hiyo ni 2008. Nikakata kifuniko cha boksi la chipsi lenye namba 6 (alama ya polistireni), nikaweka kwenye sufuria ya mchanga wa kuokea keki. Kikajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Kumbe plastiki lazima iwe imevutwa pande zote sawa kiwandani, boksi la chipsi limevutwa linavyotaka lenyewe. Na harufu ile, jamani. Fanyeni nje.

#27 Dada Slaidi

Kaka Mifereji, tumefurahi, sasa nakuja upande wangu. Umefunga, haivuji. Je, inapima?

#28 Mchonga Mifereji

Hapo dada ndipo nilipopata aibu ya pili.

Kemia ni ya Griess, mkemia Mjerumani wa karne ya 19: naitraiti ikikutana na vitendanishi viwili inatoa rangi ya waridi inayokolea kadiri ilivyo nyingi. Kwenye kyuveti (kikopo angavu cha kupimia rangi) ya sentimita 1, miligramu 3 kwa lita inakuwa nyekundu ya zambarau kama juisi ya rosela. Nikaingiza kwenye chipu. Nikangoja. Nikawasha tochi. Nikamwita mke wangu. Maji meupe.

Nikadhani hazichanganyiki, maana kwenye mifereji hii mikondo miwili inatembea kama wapangaji wasiosalimiana, hakuna kukoroga, ni kusambaa tu. Nikaurefusha mfereji ukawa wa nyoka nyoka. Bado meupe.

Jibu lilikuwa rahisi mno, na nilikuwa nimelifundisha darasani. Ukolevu unaouona unategemea urefu wa njia ya mwanga ndani ya maji. Kyuveti ni sentimita 1. Mfereji wangu una kina cha mikroni 200. Nimejikata mara 50! Rangi ilikuwepo, mwanga haukupata nafasi ya kuiona.

Sasa mfereji unachanganya, halafu unamwaga kwenye kishimo cha kusomea kilichotobolewa unene wote wa bamba, milimita 3, kipenyo milimita 2. Kishimo hicho kinakunywa mikrolita 9 na ushee, kwa hiyo bado ni chini ya tone moja. Njia ya mwanga imepanda mara 15. Rosela imeonekana.

#29 Dada Slaidi

Safi. Kontroli, yaani za kulinganishia?

#30 Mchonga Mifereji

Vishimo vitatu kwenye chipu moja: maji matupu, kiwango ninachokijua, na sampuli. Napiga picha moja yenye vyote vitatu, kwa hiyo mwanga wa chumba ukibadilika vinabadilika pamoja.

#31 Dada Slaidi

Hapo sasa unaongea lugha yangu. Ila tope la kisima? Likitia ukungu utalisoma kama rangi.

#32 Mchonga Mifereji

Nachuja kwanza. Na kishimo cha nne kinakuja, cha sampuli bila kitendanishi. Umenipa kazi ya Jumapili.

#33 Kidato cha Sita

Kaka, maji unayasukuma na nini? Pampu?

#34 Mchonga Mifereji

Mpira wa dripu na msumari ukutani. Sentimita 10 za maji zinatoa kama paskali 1,000, napandisha au kushusha chupa. Kumbuka tu kina: kwa mfereji mpana na mfupi kwa kimo, ukikipunguza kina nusu, upinzani unapanda mara nane. Kijitone kimoja cha sabuni ya vyombo kwenye maji ya kujazia kinaondoa mapovu, maana akriliki haiyapendi maji sana. Povu likikaa kwenye kona, halitoki kwa dua wala kwa kupuliza.

#35 Kiazi Mviringo

Sasa swali la mjasiriamali. Ukitaka elfu kumi?

#36 Mchonga Mifereji

Leza haifai tena. Unachonga moldi ya chuma na kuipeleka kwa wenye mashine za kumimina plastiki, wale wa ndoo na vikombe. Kila kipande kinatoka kwa sekunde, lakini moldi ni hela ndefu na ukikosea mfereji umekosea mara elfu kumi. Mimi bado niko kwenye msasa.

#37 Mnyalukolo

Leta mrejesho ukikamilisha. Usituache kama wale wa kilimo cha matikiti.

#38 Mchonga Mifereji

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Dada Slaidi alinitumia chupa sita kwa bodaboda, hazina majina, zina namba tu. Majibu kabaki nayo yeye. Nimepima usiku mmoja, chipu sita, nikamwandikia kabla ya kulala. Dada, waambie.

#39 Dada Slaidi

Mbili zilikuwa maji matupu, kasema sifuri zote. Moja nusu miligramu, kaandika 0.6. Moja ya miligramu 1, kaandika 0.9. Moja ya 3, kaandika 2.7. Hizo tano sina ugomvi nazo. Ya sita ilikuwa 3 vilevile, yaani pacha wa ile, kaandika 1.1.

#40 Mchonga Mifereji

Nimeiweka chini ya lenzi asubuhi. Pete ya upinde wa mvua pembeni ya kishimo cha sampuli, imegusa kishimo cha maji matupu. Imevuja kwa ndani.

#41 Mzee wa Bango

Ulipiga msasa kwa mkono?

#42 Mchonga Mifereji

Ndiyo mzee.

#43 Mzee wa Bango

Weka msasa juu ya kioo, chipu ndiyo itembee juu ya msasa. Mkono unayumba. Njoo Jumamosi, nina kipande cha kioo kinene.

#44 Kiazi Mviringo

Na mimi nije na maji ya kile kisima chenye chura?